Pilipili: Jina la Zamani, Mmea Mgeni



Ndugu wasomaji, mara nyingi tunapofuturu pamoja husikika mtu akisema kwamba pilipili kali ni chakula cha Sunna, kwani Waarabu wa zamani waliila. Tumeona tulitazame jambo hili kihistoria.

Neno pilipili linatokana na Kiarabu, filfil, na asili yake ya mbali ni Bara Hindi. Lakini filfil ya vitabu vya zamani ni ile nyeusi, tunayoiita leo pilipili manga, yaani ya Arabuni, ingawa huota India. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, pamoja na achari ya ndimu na ya vishada vya pilipili. Ilikuwa ni hiyo hiyo manga, kwani nyingine haikuwepo.

Pilipili kali nyekundu asili yake ni Amerika, ambako wenyeji waliilima kwa maelfu ya miaka. Columbus alifika huko mwaka 1492, mwaka ule ule ambao Granada, dola ya mwisho ya Waislamu wa Andalusia, ilianguka. Katika karne ya 16 Wareno waliisambaza Afrika na India. Wazee wetu walipouona mmea mpya unawasha kama ule wa zamani, wakaupa jina lile lile.

Kuenea kwake hakukuwa kugumu. Ndege hawasikii ukali wake, hula matunda na kuangusha mbegu. Ndiyo maana ile ndogo, pilipili kichaa, huota nyuma ya jiko bila kupandwa na mtu. Kiswahili nacho kilisafiri na misafara ya karne ya 19 hadi Ujiji na Congo, na huko nako leo jina ni pilipili.

Mtume (s.a.w.) alifariki mwaka 632, miaka 860 kabla ya safari ya Columbus. Basi yeye na Maswahaba zake hawakuiona pilipili hii. Tangawizi imetajwa katika Qur'ani, Suratul Insan aya ya 17, lakini pilipili kali haikutajwa.

Je, tuiache? La. Asili ya vyakula ni halali, na anayeipenda aile kwa kiasi na amshukuru Mola wake. Tunachotahadharisha ni kumsingizia Mtume jambo asilolisema, hata kwa nia njema, kwani hiyo ni dhambi kubwa. Tuwafundishe watoto wetu kuuliza: limetoka wapi?

Wallahu aalam.