Viwanda Vilivyosubiri Korosho

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikitoka Newala, Masasi na wilaya jirani za kusini. Hesabu hiyo iliwalevya wapangaji. Waliona zao lililokuwa likipanda tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, na waliona pia jambo lililowauma: korosho ilisafirishwa na maganda yake hadi India, ikabanguliwa huko, na faida ya kubangua ikabaki hukohuko. Wazo la kuibangulia nyumbani halikuwa baya. Hata leo si baya.

Ubaya ulikuwa kwenye kipimo. Kwa mikopo ya nje, ikiwamo ya Benki ya Dunia, na mitambo ya Italia na Japani, vilijengwa viwanda 12. Masasi ilipata chake, Newala ikapata, vingine vikaenda Mtwara, Lindi, Nachingwea, Tunduru, hadi Kibaha na Dar es Salaam. Vyote kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 110,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba ili vijilipe, takriban robo tatu ya mavuno ya msimu ule wa kilele zilipaswa kuingia kiwandani kila msimu, bila ukame, bila ugonjwa, bila mkulima kununa.

Mkulima alikuwa na sababu za kununa. Katika miaka hiyohiyo familia zilihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mkorosho hauhamishiki. Aliyepelekwa kijiji kipya mbali na shamba lake hakuweza kupalilia chini ya miti wala kuokota kwa wakati; nyasi zikaota, moto wa kiangazi ukapita. Bei nayo ilipangwa na mamlaka ya zao, na fungu la mvunaji likazidi kupungua kadiri gharama za mamlaka zilivyoongezeka. Kwa nini mtu atembee saa mbili kwenda kuokota korosho ambazo malipo yake hayanunui kanga?

Serikali ileile iliyokopa kwa mkono mmoja ili ijenge viwanda ilikuwa ikimwondoa mvunaji shambani kwa mkono wa pili. Wakopeshaji walikuwapo na macho yao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 zao lilikuwa limeshuka chini ya nusu, na ujenzi ukaendelea. Halafu ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga, na salfa ya kuuzuia haikuwafikia wakulima kwa wingi mpaka miaka mingi baadaye. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000. Kiwanda kimoja au viwili vingetosha kuzimaliza.

Hata korosho zilipopatikana, mashine zilivunja kokwa nyingi mno, na sokoni kokwa nzima ndiyo yenye bei. Wanawake wa Kerala, India, wenye nyundo ndogo, mikono imepakwa mafuta ili maji makali ya ganda yasiwaunguze, walitoa kokwa nzima nyingi kuliko mtambo wa mamilioni. Baadhi ya viwanda vyetu vilifanya kazi kidogo, vingine karibu havikufanya kabisa. Mwishowe viliuzwa kwa watu binafsi, na kadhaa vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India.

Wapangaji wa viwanda hivyo hawakuwa na udhuru wa kutojua, kwa sababu somo lilikuwa jirani. Nachingwea, kaskazini ya Masasi, Waingereza walikuja na mpango wa karanga mwaka 1947, mpango uliokuwa na sehemu nyingine Kongwa na Urambo. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa kutegemea ripoti ya ujumbe uliozunguka nchi wiki chache. Mwaka 1951 London ilifuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga hizo ilikosa mzigo, ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960.

Na bado somo halikushika. Oktoba 2018 wakulima wa kusini walikataa bei za mnada, zilizokuwa chini sana kuliko za msimu uliotangulia. Novemba, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuibeba. Wengi walishangilia, na haki yao. Lakini mnunuzi wa kuichukua kutoka serikalini hakuwa amepatikana. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, wa tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418. Kampuni haikuchukua korosho, na miezi michache baadaye Serikali ikauvunja mkataba. Wapo wakulima waliosubiri malipo hadi msimu mwingine ulipoanza, wakaukabili bila fedha ya dawa; wengine walikuwa wameshauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa.

Sasa zao limepanda tena, lilivuka tani 300,000 msimu wa 2017/18 na likaenda mbali zaidi miaka ya karibuni, na habari za viwanda vipya vya kubangua zimerudi. Naviunga mkono. Ila mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, uwe Newala, Masasi au Tandahimba, kwenye mkutano mkuu ujao usiulize tu bei ya mnada. Uliza kiwanda kinahitaji tani ngapi ili kisife, nani atalipa deni mavuno yakishuka nusu, na mnunuzi ameweka dhamana gani benki. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura kupigwa.