Msiba, Wasia na Ukimya: Maisha Yangu ya Shaaban Robert kama Chanzo cha Historia ya Tanga

Ni rahisi kwa mtafiti wa historia ya Tanga kuichukulia Maisha Yangu ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1949, kama ushahidi uliotolewa kwa kiapo. Mwandishi alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Machui si mbali na mjini. Mkazi wa Chumbageni aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hata hivyo, anayekifungua kitabu akitafuta utoto wa Machui, au sura ya mji wa Tanga chini ya Waingereza, atapata kidogo mno. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo hautokani na usahaulifu. Shaaban Robert aliyakumbuka maisha yake kwa kupitia tanzu za fasihi alizozirithi, na tanzu hizo zilichangia kuamua lipi liandikwe na lipi liachwe.

Msiba ndio mfano ulio wazi zaidi. Kilio chake kwa mkewe wa kwanza, Amina, kimehifadhiwa katika shairi lenye jina la marehemu, nalo lafuata desturi ya maombolezo: marehemu anaitwa, anasifiwa, anaombewa. Mwanahistoria anayetaka jina la ugonjwa au hesabu ya siku hatavipata humo. Atapata namna ambavyo mwanamume Mwislamu wa pwani aliruhusiwa kuhuzunika hadharani, na hilo, kwa maoni yangu, ni ushahidi adimu kuliko tarehe.

Vivyo hivyo kuhusu malezi. Utenzi wa Hati umeelekezwa kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Nyuma ya Hati wasikika utenzi wa Mwana Kupona, mama wa Pate aliyemwusia bintiye mnamo 1858, naye akiwa mgonjwa. Shaaban Robert ameketi mahali pa mama huyo. Baba kushika sauti ya mama si jambo dogo, na lastahili uchunguzi kuliko lilivyopewa. Lakini tusiusome wasia kama taarifa: Hati yaonyesha baba alivyotamani bintiye aishi, haionyeshi binti alivyoishi.

Kuhusu utawala, wasifu si mahali pa kutafuta lawama kali zaidi. Mwandishi aliingia utumishi wa forodha mwaka 1926, na Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado karani wa serikali, mjini Tanga. Humo Karama ashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi wakaadhibiwa. Karani hakuweza kuyasema hayo kwa nafsi ya kwanza. Nchi inayoelea angani iliyabeba.

Kipimo cha kulinganishia kipo. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, zatoka katika miaka ile ile. Barua nayo ina adabu zake za salamu na heshima, kwa hiyo haifai kufanywa hakimu wa wasifu. Kinachofaa ni kuweka barua na utungo wa kipindi kimoja bega kwa bega, na kuuliza kwa kila tukio: ndugu aliambiwa nini ambacho msomaji hakuambiwa?