Slabu Sio Paa: Pwani Walijua, Wabera Bado

Tembea Wabera ukiangalia juu. Ploti baada ya ploti ni slabu tupu, vyuma vimesimama kama miiba vikingoja gorofa inayofuata. Landilodi anaita hiyo paa. Mimi nasema hapana. Hiyo ni sakafu ya nyumba ambayo haijajengwa, na mvua ya Novemba ikija, mpangaji wa chini ndiye anaweka sufuria kitandani.

Kuna watu husema paa tambarare ni mambo ya kisasa, ati imetoka Nairobi. Si kweli. Lamu, Gede na Unguja walikaa chini ya mapaa hayo karne nyingi kabla simiti haijafika. Walipanga boriti za mikoko, wakalaza mawe ya matumbawe juu, halafu wakashindilia tabaka nene la chokaa na kokoto. Boriti haikuvuka zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Paa ndilo liliamua umbo la chumba.

Na walijua kitu kingine: paa hilo linataka kutunzwa kila wakati. Angalia Gede, mji ulioachwa karne ya 17. Kuta bado zimesimama, mapaa hakuna. Mwisho wa karne ya 19, wenye nyumba wengi Unguja walikuwa wanafunika mapaa yao tambarare kwa mabati. Lamu wengi waliweka makuti juu. Hao ndio waliokuwa mabingwa, na bado maji yaliwashinda.

Huku kwetu historia ni tofauti. Aqal ya Kisomali, ile nyumba inayobebwa na ngamia, ni fito zilizopindwa na mikeka juu. Ni mviringo, maji hayana pa kukaa. Baadaye tukaingia kwa mabati, nayo yana mteremko. Slabu ndiyo paa letu la kwanza ambalo maji yanaweza kulala juu yake. Tumechukua umbo, tumeacha kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Juu ya slabu weka simiti yenye mteremko, kila mita 1 ishuke kama sentimita 2.5 kuelekea bomba la kutoa maji. Bandika shiti za lami, na uzipandishe ukutani angalau sentimita 15, kwa sababu pale kwenye kona ndipo maji hupenyea. Halafu ziba bomba, jaza maji kidogo, yalale saa 24. Fundi asilipwe pesa ya mwisho kabla uone dari la chini ni kavu.

Na vile vyuma vifunikwe. Chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua simiti, na maji yanafuata ufa mpaka kwa holda ya taa. Hapo si godoro tena, ni maisha ya mtu.

Najua utasema pesa iliisha kwenye slabu. Sawa, weka mabati juu mpaka gorofa ije. Wazee wa Unguja walifanya hivyo na hakuna aliyewacheka.

Mpangaji, kabla ulipe dipositi, omba kupanda juu kwanza. Wewe huko kwenu slabu inakauka ama inafuga vyura?