Ngozi Iliyokazwa: Siti ya Baiskeli na Mabishano ya Miaka ya 1890

Wanaosimulia historia ya siti ya ngozi ya baiskeli karibu wote huanza na farasi aliyekufa. John Boultbee Brooks, fundi wa hatamu na vifaa vya farasi aliyefungua biashara yake mjini Birmingham mwaka 1866, alifiwa na farasi wake mwaka 1878. Hakuwa na fedha za kununua mwingine. Akaazima baiskeli ya kumpeleka kazini, siti ikamuumiza, akaapa kutengeneza iliyo bora. Tarehe 28 Oktoba 1882 akaandikisha hataza yake. Kampuni yenye jina lake imeisimulia hadithi hiyo kizazi baada ya kizazi, na waandishi wa magazeti ya baiskeli wameipokea bila kuuliza swali.

Sina ugomvi na farasi. Ugomvi wangu ni na picha inayojengwa juu ya kaburi lake: kwamba raha ya kukaa juu ya baiskeli iligunduliwa na mwanamume mmoja kwa sababu ya maumivu yake mwenyewe, na kwamba tangu hapo kazi ya mpandaji imekuwa ni kuvumilia tu mpaka ngozi imzoee. Nyaraka za miaka ya 1890 zinatoa habari nyingine. Kwa maoni yangu, kanuni za siti nzuri zilijulikana miaka hiyo, katikati ya mabishano makali kuhusu miili ya wanawake, na waliochangia maarifa hayo wamesahauliwa au wamekumbukwa kwa jambo lisilo lao.

Ya nyuma yanajulikana. Mtambo wa Karl Drais wa mwaka 1817, uliosukumwa kwa miguu, ulikuwa na kikalio cha kutandikwa. Baiskeli za Michaux zilizouzwa Paris miaka ya 1860 zilikuwa na kiti juu ya chuma kirefu cha springi. Kwenye baiskeli za gurudumu kubwa la mbele za miaka ya 1870, ngozi kavu iliyotundikwa juu ya chuma haikuwa kitu kigeni. Brooks hakuanzia jangwani. Alicholeta yeye na mafundi wenzake wa Birmingham ni ujuzi wa ngozi: jinsi ya kuchagua sehemu ya ngozi ya ng'ombe iliyo nene na yenye nyuzi zilizoshikana, kuiloweka, kuibana juu ya kalibu mpaka ikauke na umbo, kisha kuifunga kwa riveti za shaba, nyuma kwenye bamba la chuma na mbele kwenye pua ya siti.

Kati ya ncha hizo mbili hakuna kitu. Hakuna sponji, hakuna ubao, hakuna kitambaa. Mpandaji anabebwa na ngozi tupu iliyovutwa, kama alalaye juu ya kitanda cha kamba. Na kama kitanda hicho, raha yake yote imo katika mkazo. Kamba zikiwa ngumu mno mbavu zinauma. Zikilegea, mgongo unazama na kingo za mbao zinapanda. Ndiyo maana chini ya pua ya siti ya ngozi kuna boliti ndogo ya kukazia. Mtu asiyeielewa boliti hiyo hawezi kuielewa historia ninayoieleza hapa.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la upepo mjini Belfast. Baada ya hapo wanawake wa Ulaya na Marekani wakapanda kwa maelfu, na katika muongo mmoja siti ya baiskeli ikawa jambo la kujadiliwa na madaktari, wahubiri, wahariri na watengenezaji kwa pamoja.

Mengi yaliyosemwa na wapinzani hayastahili muda wetu. Waliodai kwamba baiskeli humharibu mwanamke sura, au humpotezea uwezo wa kuzaa, hawakuleta ushahidi, na nia yao ilikuwa kumrudisha nyumbani. Susan B. Anthony, mpigania kura za wanawake, alimwambia Nellie Bly katika mahojiano ya mwaka 1896 kwamba baiskeli ilikuwa imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote, na wapinzani walilijua hilo vizuri kama yeye.

Lakini mmoja wa madaktari wa wakati ule ametendewa isivyo haki. Robert Latou Dickinson, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Brooklyn, alichapisha mwaka 1895, katika jarida la Marekani la tiba ya uzazi, makala kuhusu baiskeli kwa wanawake. Vitabu vingi vya historia ya baiskeli vinavyomtaja huchukua aya moja tu, ile inayoeleza jinsi msichana angeweza kuitumia siti kujiamshia ashiki. Aya hiyo huwekwa mbele ya msomaji wa leo ili ashangae upuuzi wa karne ya 19, kisha mwandishi anaendelea na safari yake.

Naomba tuisome tena, safari hii kama fundi. Dickinson anaeleza njia mbili za kupata msuguano huo. Ya kwanza ni kuinua pua ya siti juu. Ya pili ni kuilegeza ngozi iliyovutwa mpaka ifanye shimo refu kama machela, ili iukumbatie mwili wote wa chini na kupanda mbele. Hofu yake ilikuwa ya maadili ya zama zake, na siitetei. Ila maelezo yake ya siti ni sahihi. Hivyo ndivyo ngozi iliyolegea inavyofanya: katikati inazama, kingo zinasimama, pua inapanda, na uzito unaotakiwa kubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga unahamia kwenye msamba, mahali penye mishipa ya fahamu na ya damu. Anachokiita hatari ya maadili ndicho mpandaji wa leo anachokiita ganzi. Sijui maelezo mengine ya wakati ule yanayoonyesha kwa uwazi zaidi kwa nini mkazo ni roho ya siti ya ngozi. Tena Dickinson hakuwa adui wa baiskeli: aliiona kuwa mazoezi yenye faida kwa wanawake, mradi siti iwe sawa na ikae sawa.

Watengenezaji walisikia haraka kuliko wanahistoria. Nchini Marekani, ambako kufikia katikati ya muongo baiskeli zilizotengenezwa kwa mwaka zilikaribia au kupita milioni moja, ziliibuka siti zilizoitwa za afya au za kianatomia. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa Christy, iliyouzwa na kampuni ya vifaa vya michezo ya A. G. Spalding & Bros. Ilikuwa na fremu ya chuma yenye mito miwili iliyotengana, mmoja kwa kila mfupa, na uwazi katikati. Tangazo lake lilichora mifupa ya nyonga ikiwa juu ya siti ya kawaida, imebanwa katikati, na pembeni mifupa hiyohiyo ikiwa imetua juu ya Christy. Tangazo la biashara, ndiyo, lakini lilimfundisha msomaji wa kawaida wa gazeti jambo ambalo vitabu vingi vya karne iliyofuata havikumfundisha: kwamba mtu hukaa juu ya mifupa, na upana wa siti lazima ulingane na umbali kati ya mifupa hiyo. Nyonga ya mwanamke kwa kawaida ni pana zaidi, na siti nyingi zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha wanaume.

Mavazi nayo yalikuwa na sauti yake. Mwanamke mwenye sketi ndefu, kwenye fremu isiyo na bomba la juu, alikaa wima, uzito wake wote ukishuka kwenye siti; alihitaji siti pana yenye springi za kujiviringa. Aliyevaa suruali pana na kuinama kushika usukani aligawa uzito kati ya mikono, miguu na nyonga, na siti nyembamba ikamtosha. Annie Londonderry, mhamiaji kutoka Latvia aliyeondoka Boston Juni 1894 kuzunguka dunia, alianza kwa sketi na baiskeli nzito ya kike, kisha akahamia baiskeli ya kiume ya Sterling iliyo nyepesi, na mavazi yakafuata. Habari zake husimuliwa kama kioja cha magazeti. Kwangu mimi ni ushahidi kwamba wanawake wa miaka hiyo walikuwa wakipima kwa miili yao uhusiano wa siti, mkao na nguo, bila kusubiri ruhusa ya daktari.

Mbona basi siti ya mito miwili ilipotea na ngozi iliyokazwa ikabaki? Wapo wanaojibu kwamba desturi ilishinda akili. Ninawasikiliza, kwa sababu desturi ni nguvu kweli. Lakini ipo sababu ya kimakanika. Mito iliyotengana haiwezi kumfuata mpandaji anapokanyaga pedeli, mguu mmoja ukishuka na nyonga ikiyumba kidogo. Ngozi iliyovutwa inaweza. Jasho na joto huziachia nyuzi zake nafasi ya kuteleza kidogo, na pole pole mashimo mawili yanajitokeza mahali pa mifupa, wakati sehemu nyingine inabaki imara. Siti moja inayolingana na upana wa mtu inageuka kuwa yake mwenyewe. B17 ya Brooks, yenye upana wa takriban milimita 170, asili yake ni miaka hiyohiyo ya 1890 na bado inatengenezwa.

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa kubwa. Kwa kuwa ngozi huchukua umbo, waandishi wa karne ya 20, hasa wale wa mashindano, waligeuza jambo hili kuwa mtihani wa uanaume: panda kilomita 800, vumilia, siti itakuzoea. Sina subira na mafundisho hayo. Siti iliyo nyembamba kuliko mifupa ya mpandaji haitapanuka hata baada ya kilomita 8,000. Mifupa itaning'inia kwenye kingo za chuma na msamba utabeba mzigo. Anayeumia hivyo hajakosa moyo, ana siti isiyo saizi yake, au pua yake imeinuliwa mno, au ngozi imelegea. Wengine, kwa kukosa subira, waliilowesha ngozi kwa mafuta mengi mpaka ikawa laini kama kitambaa, wakaiua. Mafundi wa zamani walipaka shahamu iliyochanganywa na nta, kidogo tu, juu na chini, na walijua kwamba ngozi iliyokaliwa ikiwa imelowa mvua hurefuka na hairudi.

Wafaransa walilijibu tatizo kwa adabu zaidi. Kampuni ya Tron & Berthet, iliyouza siti zake kwa jina la Idéale, ilitoa baada ya Vita vya Pili vya Dunia siti zilizolainishwa kiwandani kwa njia iliyoitwa jina la Daniel Rebour, mchoraji na mwandishi mashuhuri wa baiskeli. Mnunuzi hakulazimika kununua maumivu pamoja na siti.

Kisha plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, siti za Unica za Italia, zilizohusishwa na kampuni ya Cinelli, ziliwaondolea wanamashindano uzito na hofu ya mvua. Mengine ni habari za biashara: Brooks ilimilikiwa na kampuni ya baiskeli ya Raleigh, ikayumba pamoja nayo, na mwaka 2002 ikanunuliwa na Selle Royal ya Italia.

Afrika Mashariki tuliipokea siti ya ngozi ikiwa tayari imepachikwa kwenye Raleigh, Humber na BSA, baiskeli za mkao wa wima zenye springi nzito nyuma. Jua na masika havikuihurumia. Ilipozama, watu waliifunika sponji na kitambaa, na katika baiskeli za boda boda za Busia miaka ya 1960 ustadi wa starehe ulihamia kwenye keria, alikokaa abiria. Habari hiyo inastahili makala yake.

Mwaka 1997 daktari Irwin Goldstein wa Boston alitangaza kupitia jarida la Bicycling kwamba siti nyembamba hubana mishipa ya msamba na kudhoofisha nguvu za kiume, na wapandaji wakashtuka. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ikawapima askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, askari 90 waliotumia siti zisizo na pua kwa miezi sita walipungukiwa sana na shinikizo la msamba na ganzi. Swali lilipowagusa wanaume likapata vipimo na fedha. Lilipowagusa wanawake wa Brooklyn na Chicago, miaka mia moja kabla, liliachwa kuwa suala la maadili.

Majarida ya tiba ya 1895 yamo katika maktaba za vyuo vya udaktari, na katalogi za siti zimo mikononi mwa wakusanyaji wa baiskeli kuukuu. Anayetaka kuandika upya historia hii aziweke juu ya meza moja, aanze na ile aya ya Dickinson kuhusu ngozi iliyolegea, na awe na boliti ya kukazia mkononi.