Holi: Cheza na rangi, ila kwanza jua ni rangi gani

Kila mwaka, Februari ikiisha au ndani ya mwezi Machi, simu zetu hujaa picha za watu waliopakwa rangi kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Hiyo ni Holi, sikukuu ya Wahindu ya kukaribisha majira ya machipuko. Inafuata mwezi mpevu wa mwezi wa Phalguna katika kalenda yao, ndiyo maana tarehe inahamahama: mwaka 2024 iliangukia 25 Machi, 2025 ikawa 14 Machi.

Tuweke jambo moja sawa hapa. Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Baadhi ya Wahindi unaowaona Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ni Waislamu, Masingasinga au Wakristo, kwa hiyo usimpigie kila mmoja salamu za Holi. Ila Wahindu nao wapo katika miji hiyo, na siku hiyo ikifika wanacheza, mara nyingi wakiwa na majirani wa dini nyingine.

Moto kwanza, rangi kesho yake

Holi ni ya siku mbili. Usiku wa kwanza huwashwa moto mkubwa unaoitwa Holika Dahan. Kisa chake ni hiki: mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye tu, lakini mwanawe Prahlad akakataa na kubaki na mungu Vishnu. Shangazi wa mtoto, Holika, ambaye alikuwa na kinga ya kutoungua, akakaa naye ndani ya moto ili amuangamize. Kilichotokea ni kinyume. Shangazi akateketea, mtoto akatoka mzima.

Asubuhi yake ndiyo rangi. Hapa kisa ni cha Krishna, aliyekuwa analalamika kwamba yeye ni mweusi na Radha ni mweupe. Mama yake akamwambia, basi nenda ukampake rangi unayotaka. Ndiyo maana miji ya Mathura na Vrindavan, inayohusishwa na Krishna, huwa na Holi kubwa kuliko kwingine. Kule Barsana, kijiji cha Radha, wanawake huwachapa wanaume kwa fimbo, nao hujikinga kwa ngao. Inaitwa Lathmar Holi, na wanaume husafiri kwenda kuchapwa kwa hiari yao!

Kilichomo ndani ya unga

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Zamani rangi ilitoka kwenye mimea. Maua ya mti wa palash, ya rangi ya chungwa iliyokolea, huchanua msimu huohuo. Yakilowekwa au kuchemshwa hutoa maji ya njano-chungwa. Manjano ile ya jikoni nayo ilitumika. Viwanda vilipoleta rangi za bei ndogo na zinazong'aa zaidi, maua yakasahaulika sehemu nyingi.

Mwaka 2001 mashirika mawili ya mazingira nchini India, Toxics Link na Vatavaran, yalitoa taarifa kuhusu kemikali zilizomo kwenye rangi za Holi. Rangi nyeusi ilikuwa na oksidi ya madini ya risasi. Kijani ilikuwa na salfeti ya shaba, ambayo wakulima wetu wanaijua kama mrututu, dawa ya kupulizia ukungu shambani. Nyekundu ilikuwa na zebaki. Sasa fikiria mrututu unapakwa usoni karibu na jicho! Macho huvimba, na mtu anaweza kukaa haoni kwa muda.

Si maneno ya kutishana. Machi 2012, kwenye mtaa wa Dharavi mjini Mumbai, zaidi ya watu 100, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali baada ya kucheza na rangi. Walikuwa wanatapika na kusikia kizunguzungu.

Utaijuaje rangi mbaya? Ukweli ni kwamba kwa macho peke yake ni vigumu. Lakini kuna dalili za kukufanya uiache dukani: inang'aa kama ina chembe za kioo, inanuka kama petroli au dawa, inauzwa kwa kupimwa kwenye gunia bila jina la mtengenezaji. Rangi za kupaka zenye mng'ao wa fedha au dhahabu usiguse kabisa. Na neno "asilia" kwenye pakiti lisikulevye, mtu yeyote anaweza kuliandika.

Njia ya uhakika zaidi ni kutengeneza mwenyewe, na haina gharama. Changanya kijiko kimoja cha manjano na vijiko viwili au vitatu vya unga wa dengu, umepata njano. Chemsha bitiruti iliyokatwa vipande, umepata maji ya waridi iliyokolea. Hayatang'aa kama ya dukani, na manjano itaacha doa kwenye nguo, lakini nguo za Holi ni zile kuukuu hata hivyo.

Kabla hujatoka

Jipake mafuta ya nazi mwilini na kwenye nywele, usisahau nyuma ya masikio na kwenye kucha. Mafuta huizuia rangi isizame kwenye ngozi. Vaa mikono mirefu. Kama unavaa lenzi za machoni, zitoe, vaa miwani ya kawaida. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na akae mbali na vumbi likitimka. Maputo ya maji yanaonekana mchezo wa watoto, lakini likirushwa kwa nguvu na kumpata mtu jichoni, ni jeraha la hospitali.

Vinywaji pia uangalie. Kuna maziwa yenye viungo na lozi yanayoitwa thandai, matamu sana, lakini sehemu nyingine huchanganywa na bhang, yaani majani ya bangi (na ndiko neno letu lilikotoka). Uliza kabla ya kunywa. Inachelewa kupanda kichwani, kwa hiyo mtu huongeza glasi akidhani hakuna kitu.

"Usikasirike, ni Holi"

Kwa Kihindi wanasema "bura na mano, Holi hai", maana yake usikasirike, ni Holi. Kwa marafiki ni utani mzuri. Lakini wapo wanaoufanya kichaka cha kujificha. Mwaka 2023 video ya msichana kutoka Japani akishikwashikwa na kundi la vijana mtaani Delhi ilisambaa dunia nzima, na polisi wakawakamata watatu. Kwa maoni yangu kanuni ni rahisi: uliza, akikubali mpake kidogo shavuni, akikataa mtakie Holi njema upite. Mpita njia aliyevaa nguo za kazini hajajiunga na mchezo wako. Mbwa na ng'ombe nao hawajajiunga.

Ukumbini, angalia moto

Siku hizi kuna matamasha ya kurusha unga wa rangi ambayo si Holi yenyewe, yameiga tu. Wengi hawajui kwamba unga mkavu, hata wa wanga wa mahindi, ukitanda hewani unaweza kulipuka ukikutana na moto au joto kali. Tarehe 27 Juni 2015, kwenye bustani ya michezo ya maji nchini Taiwan, ndivyo ilivyotokea kwenye tamasha la namna hiyo: watu 15 walikufa na takriban 500 wakajeruhiwa. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna fataki, hakuna mashine ya kupuliza unga karibu na taa za jukwaani. Ukiviona hivyo, toka.

Kuoga baada ya mchezo

Kung'uta unga ukiwa bado mkavu, ndipo uoge, kwa maji ya kawaida na sabuni laini. Mafuta ya taa na spiriti ni marufuku, na usijisugue kwa dodoki mpaka ngozi iwake moto. Rangi ikiingia jichoni usifikiche; mwagilia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, na kama maumivu au ukungu wa macho haujaondoka, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Ile inayobaki kwenye kucha iache, itatoka yenyewe.