Maneno ya Edith Cavell

Katika vita vya 1914–1918, Wadachi walipoushika mji wa Brussels, alikuwako huko mwanamke Mwingereza, Edith Cavell, binti wa padre, mkuu wa chuo cha wauguzi. Aliwaficha askari wa Uingereza na Ufaransa, akawasaidia kutorokea Uholanzi. Naye aliposhtakiwa alikiri. Alfajiri ya 12 Oktoba 1915 alipigwa risasi, mwenye umri wa miaka 49.

Ndipo habari zilipogeuzwa. Picha zilizoenezwa zilimwonyesha kama msichana aliyezimia, na afisa akimwua kwa bastola. Sivyo, aliuawa na kikosi cha askari kwa hukumu ya baraza la vita. Mbelgiji Philippe Baucq aliuawa asubuhi ile ile, lakini ni wachache wamjuao. Jina la mwanamke ndilo lililotumiwa kuwaita wanaume vitani.

Naye usiku wa mwisho alimwambia padre ya kuwa kuipenda nchi hakutoshi. Imempasa asimchukie mtu awaye yote. Sanamu yake iliyofunuliwa London mwaka 1920 haikuwa na maneno hayo. Yaliongezwa 1924, wanawake walipoyaomba.

Basi, wasomaji wapenzi, tusomapo habari za vita na tuulize: mwenyewe alisema nini?