Pampu ya baiskeli

Pampu ya baiskeli ni kifaa cha mkono cha kujaza upepo kwenye matairi. Ndani ya silinda mna pistoni yenye kikombe kidogo cha ngozi, mdomo ukielekea chini. Mpini ukisukumwa, upepo huutanua mdomo huo ukabana ukuta wa silinda. Ukivutwa, ngozi hulegea na upepo mpya hupita pembeni, huku vali ya tairi ikizuia ule wa ndani usirudi. Ngozi ikikauka husinyaa, na mpini husukumika bure. Kisiwani Unguja, ambako kuanzia Mjini hadi Chukwani watu hupanda baiskeli, pampu ya namna hiyo haistahili kutupwa: ngozi hulainika kwa mafuta ya nazi. Ikichanika, hukatwa nyingine kwenye kiatu kikuukuu, ikaloweshwa na kufinyangwa. Nene mno haifai. Hailegei, na silinda haijai.